Kamba, Mbwa, Sweta

Picha ilifika saa nne, wakati wa chai,
chumba cha walimu, Uyole, Julai,
madirisha yametoka jasho,
vikombe tumevikumbatia kama vifaranga.
Mwalimu Tusekile ndiye aliyeipokea kwanza.
Alicheka hadi andazi likamtoka mkononi.
Simu ikazunguka meza:
mzee barabarani, kamba begani, mbwa nyuma yake,
na chini mtu kaandika:
Mhehe na kitoweo chake. Kikimponyoka, kamba anayo.

Nami nilicheka.
Niseme hivyo mapema, nisije nikajisahaulisha mbele.
Nilicheka kabla ya kutazama,
kama mtu anavyoitikia salamu usingizini,
maana ukiwa Mhehe peke yako kwenye meza ya watu tisa
unajifunza kucheka wa kwanza;
kicheko chako ni kodi, unailipa mlangoni, unakaa.

Kisha nikaliona sweta.

Sweta la kijani, kiwiko cha kushoto kina kiraka cha buluu
kwa kuwa uzi wa kijani uliniishia
Desemba ile, jikoni kwetu Kilolo,
naye akisema, tia wowote tu, mwanangu,
baridi haina macho.

Yule mbwa anaitwa Waseme.
Jina alipewa kwa ajili ya jirani mmoja;
wakaja wakapatana, jirani akafa, jina likabaki.
Ana miaka kumi na mmoja.
Mguu mmoja wa nyuma anauburuta,
na baba hupunguza mwendo bila kugeuka,
asije mbwa akajua kuwa anasubiriwa.

Nilimpigia jioni. Kitochi chake hakipokei picha.
Alhamisi ulikuwa wapi na kamba?
Mnadani, akasema. Kufuata ndama.
Ndama yuko wapi?
Bei ilinishinda, nikarudi na kamba yangu.

Nikamweleza. Yote, hata neno kitoweo.
Akanyamaza, nikawa nalihesabu salio langu linavyoyeyuka.
Halafu akauliza:
Waseme ametokea vizuri?
Vizuri, Baba.
Mguu hauonekani?
Hauonekani.
Basi.

La kamba hakuligusa.
Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mparachichi.
Ulikatwa nilipokuwa darasa la tatu,
mwaka wa mjomba Vitalis,
na kuni zake hakuna aliyezichukua.
Baadaye mama alipanda njegere pale.
Kabila gani halina mti wake?
Niliyapanga maneno hayo kwa ajili ya chumba cha walimu,
nikayapanga tena, kama madaftari ya kusahihisha.

Usiku usingizi ukakataa.
Nikashika simu, nikarudi nyuma, Juni, Mei,
nikitafuta kitu cha kumrushia Tusekile,
kitu cha Wanyakyusa, kichungu, cha kumkaa kooni.
Nikakuta cha kwangu.
Tarehe tisa Mei. Nilikituma mimi,
na vikatuni vitatu vinavyocheka hadi machozi:
mwanamume wa makamo, mahali kama Makete,
ameshika mfuko wa rambo.
Mkinga na mtaji wake. Usiulize mfukoni mna nini.

Niliikuza picha hadi ikawa chengachenga.
Mfuko umevutwa chini na kitu kizito.
Viazi, labda. Labda betri ya redio.
Kola ya shati ilichakaa, ikafumuliwa,
ikageuzwa ndani nje, ikashonwa upya,
mshono mdogo mdogo, wa mtu asiye na haraka.

Huyo aliyeshona,
picha hii ilimkuta wapi,
mezani alikuwa na akina nani,
na alicheka kwa muda gani
kabla ya kuiona kola?